Kesi ya Pua Inauzwa

Bwana Fidia hakuwa wakili. Alikuwa na suti moja na mkoba wa ngozi usio na kitu ndani, na kazi yake ilikuwa kuzengea nje ya kliniki za upasuaji akinunua kesi za watu waliopasuliwa vibaya. Mgonjwa anapewa kidogo, anatia sahihi, anaenda zake. Bwana Fidia anaingia kwa daktari, anamtisha mpaka alipwe pesa nyingi ili anyamaze. Na msimhukumu haraka, jamani, suti hainunuliwi kwa salamu.

Asubuhi hiyo, kwenye benchi nje ya kliniki ya pua, alimkuta mama mmoja amefungwa bandeji toka paji la uso hadi juu ya mdomo. Bwana Fidia alifurahi nusura apige vigelegele.

"Pole sana, dada. Imekuwaje?"

"Acha tu, kaka yangu. Nilikuja kunyooshwa pua, daktari kanisahaulia pamba ndani. Wiki ya tatu hii napumulia mdomo."

Akamwonyesha picha kwenye simu: pua imevimba, imekwenda upande. Lo! Bwana Fidia akameza mate.

"Nakupa laki mbili sasa hivi, kesi inakuwa yangu."

"Laki mbili? Kuna mwenzako anakuja saa sita na milioni."

Milioni hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni friji na televisheni za mama mkwe, aliyesafiri mpaka Jumapili na kumwachia nyumba ailinde. Alijiambia daktari atamlipa kufikia Ijumaa, atanunua vipya, na chenji itabaki. Saa tano na nusu vyote vilikuwa vimeshauzwa. Mama wa bandeji akapokea milioni yake, akatia sahihi, akamtumia picha na kumtakia kila la heri.

Daktari, mzee mpole, alisikiliza vitisho vyote mpaka mwisho, kisha akaitazama picha.

"Huyu sijawahi kumpasua."

"Usikane, daktari! Pamba bado imo!"

"Kijana wangu, kila pua naipiga picha kabla sijaigusa, mbele na pembeni. Huyu hana hata faili hapa. Wewe ni wa nne mwezi huu kuniletea picha hii hii. Wa kwanza aliuza pikipiki."

Bwana Fidia akakimbilia dirishani. Kwenye benchi hapakuwa na mtu. Akarudi kitini.

"Daktari," aliuliza, "kunyoosha pua iliyovunjwa ni bei gani?"

"Pua ya nani tena?"

"Yangu. Mama mkwe anarudi Jumapili."