Kipara cha Mzee Parsaoti Chini ya Chokaa

Jumatatu, 24 Novemba 2003

Mkataba wa chumba changu cha kinyozi unaisha Jumapili. Mzee Parsaoti, mwenye nyumba, anataka kirudi kama alivyonipa: kuta nyeupe, bila alama. Gakuru, kinyozi wa mlango wa pili, naye anahama. Atakayerudisha chumba safi zaidi atapewa kile kipya cha kona, kinachotazama barabara ya Namanga. Kona! Nimeiota mwaka mzima.

Tatizo liko ukutani. Mwaka juzi nilimwambia mchoraji anichoree vichwa vya kuvutia wateja. Kimoja ni kipara, chini kimeandikwa KABLA. Kipara hicho ni cha Mzee Parsaoti, mpaka kovu la kwenye paji la uso. Kodi huchukuliwa na binti yake, Naeku, naye huishia mlangoni. Mzee hajakiona. Na hatakiona!

Jumanne, 25 Novemba

Gakuru kanunua rangi ya mafuta. Akanishauri nami ninunue, eti chokaa haifuniki picha. Ushauri wa adui! Nikanunua chokaa. Nikapaka. Ilipokauka, kipara bado kinanitazama. Nimekasirika sana.

Jumatano, 26 Novemba

Nashon, fundi wa ujenzi, anasema chokaa hushika vizuri ikitiwa chumvi kidogo. Kidogo! Mtu wa kidogo hapati kona. Duka la dawa za mifugo lina chumvi ya ng'ombe, bei ya kutupa. Nimetia nusu gunia. Nimepaka mara tatu. Kuta zinang'aa, kipara kimezikwa. Nimempungia Gakuru mkono kwa madaha.

Ijumaa, 28 Novemba

Mzee alipitia kukagua akiwa njiani kupeleka mbuzi mnadani. Kwa Gakuru aliguna tu. Kwangu alisimama, akasema ukuta wa Wangila, yaani mimi, ni mweupe kama maziwa. Gakuru akanuna. Raha iliyoje! Mzee akanichukua tukaione kona. Nikapima kwa macho mahali pa kuweka kioo.

Tuliporudi, mbuzi walikuwa ndani kwangu. Wote. Wanalamba! Mbuzi wa Kajiado akionja chumvi, humtoi hata kwa fimbo. Ukuta wa kushoto ulikuwa umelambwa ukaisha, na katikati, kimelowa mate, kipara. Kovu. KABLA.

Mzee alivua kofia, akajipapasa kichwa. Akamwita Naeku, aliyekuwa akikusanya kodi jirani, amsomee. Naeku akasoma, akageuka upande akicheka. Mzee akauliza BAADA iko wapi. Nikajibu kwa heshima kwamba kwa kichwa kile hata mimi sina dawa.

Sikupaswa kujibu.

Jumapili, 30 Novemba

Gakuru kapewa kona. Jana nilipaka chumba upya, kwa rangi ya mafuta, yeye akinishikia ngazi huku akiimba nyimbo za kanisani. Mzee alisimamia mwenyewe, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mbuzi walifungiwa mbali. Roho iliniuma.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nimepata chumba Kisaju, kwa Mzee Meitamei. Mpole, mcheshi, na kipara chake kinashinda cha Parsaoti kwa mbali. Mchoraji anakuja kesho.

Na siku ya kuhama sitarudia ujinga ule. Chokaa nitaitia sukari, si chumvi. Isitoshe, Meitamei hana mbuzi hata mmoja. Anafuga nyuki tu.