Siku Tisa za Kusajili Bastola ya Baba

Jumatatu, 22 Mei 2023

Zimebaki siku tisa. Tarehe 31 serikali ya Washington inafunga dirisha la usajili. Mwenye bastola yenye tegemeo aisajili kama bunduki fupi, au aling'oe tegemeo na kuliharibu lisirudi tena, au aisalimishe. Asipofanya lolote, jela hadi miaka kumi. Nimesoma kanuni yote, kurasa karibu mia tatu. Dewey Nestor, jirani yetu, anasema ni mimi peke yangu katika West Virginia nzima.

Bastola si yangu. Ni ya baba. Tegemeo ni kile kipande cha plastiki kilicho nyuma yake, chenye mkanda wa kunata unaofungwa kwenye kigasha. Baba ana mkono mmoja. Wa kushoto aliuacha kwenye kiwanda cha kupasulia mbao nikiwa darasa la tatu. Kila Jumapili baada ya kanisa tunakwenda nyuma ya ghala kupiga makopo. Anaweza kila kitu isipokuwa kuufunga ule mkanda. Namfungia mimi. Tangu mama afariki, ndiyo saa pekee tunayokaa pamoja bila televisheni.

Lakini kanuni haiulizi mtu ana mikono mingapi. Inauliza kama kile kitu kinaweza kuegeshwa begani. Kinaweza. Nimejaribu, mlango ukiwa umefungwa, kisha nikanawa mikono.

Nilimwomba baba aisajili. Akaendelea kula maharage. Akasema bastola gani, si ilizama mashua ilipopinduka? Huo ndio mzaha wa kila mwenye bunduki hapa: serikali ikiuliza, zote zimezama ziwani. Nikamkumbusha kwamba hatujawahi kuwa na mashua. Akasema unaona sasa, ilizama kabisa.

Mimi ni karani wa hati kwenye mahakama ya kaunti. Nikikutwa naishi na silaha isiyosajiliwa, kwaheri kazi. Mpango: nijaze fomu mwenyewe kwa jina lake. Atatia sahihi bila kujua.

Jumanne, 23 Mei

Fomu inataka picha ya mwenye silaha. Nikamwambia baba kanisa linatengeneza kitabu cha waumini. Uongo. Niliporudi kutoka kazini nilijaribu kulala kidogo nikashindwa.

Alivaa tai. Aliifunga mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno. Akasimama mbele ya jokofu akauliza atabasamu au asitabasamu. Nikasema, upendavyo. Akatabasamu. Sijaiona ile sura tangu mazishi. Picha nzuri kuliko zote tulizo nazo, na nimeipata kwa ulaghai, kwa ajili ya serikali.

Jumatano, 24 Mei

Alama za vidole. Visanduku kumi, vidole vitano. Hivyo vitano navyo mwenyewe hajui kwamba vinahitajika.

Nilichukua kikombe chake cha kahawa nikakinyunyizia unga wa ngano na kukipuliza, kama wapelelezi. Dewey akaingia bila kubisha, kama kawaida yake. Akatazama kikombe, akatazama unga usoni mwangu. Akauliza kama siku hizi makarani wanaoka vikombe. Nikasema nasafisha. Akasema, "Wendell, mwanangu, tafuta mchumba."

Alama iliyopatikana ni moja tu, na ni ya kidole changu.

Ijumaa, 26 Mei

Hofu kubwa leo. Mtu mwenye suti aliingia ofisini saa nne akauliza kama mimi ndiye Wendell Sisler, mtoto wa Harlan. Nilisema nakwenda kumwita, nikaingia chumba cha majalada, nikakaa nyuma ya hati za mwaka 1911. Bi Bolyard, mkuu wangu, ndiye aliyenikuta. Mgeni anauza mawe ya makaburi. Alitaka kujua kama jiwe la mama tumeridhika nalo.

Bi Bolyard aliniuliza, kwa upole, kama nyumbani kuna tatizo. Nikasema hakuna silaha yoyote. Hakuwa ameuliza kuhusu silaha.

Siwezi kuendelea hivi. Njia ya fomu imekufa. Imebaki ya pili.

Jumamosi, 27 Mei

Nimefanya.

Baba alikwenda kwa Dewey kutengeneza mashine ya nyasi. Namba ya kufungulia kabati la chuma la bastola ni siku ya kuzaliwa ya mama. Nililing'oa tegemeo nikalikata kwa msumeno vipande vinne.

Kulikuwa na swali la bitana. Ndani ya mkanda mama alishona kitambaa cha flaneli, kutoka shati kuukuu la baba, ili ngozi isichubuke. Kanuni haisemi lolote kuhusu bitana. Nilikaa nayo dakika nyingi. Je, mkaguzi akisema bitana ni sehemu ya tegemeo? Penye shaka, kata. Nikakata.

Vipande vinne, mapipa manne: la kanisa, la shule, la kituo cha mafuta, la mahakama. Nikanunua mikate miwili ya pepperoni, ile yenye soseji kali ndani, nikala yote miwili ndani ya gari. Nimekuwa raia mwema.

Jumapili, 28 Mei

Mahubiri yalikuwa marefu. Niliomba yawe marefu zaidi.

Baada ya chakula baba akachukua makopo, mimi nikabeba sanduku la bastola. Nyuma ya ghala akalifungua. Akaitazama bastola muda mrefu, kama mtu anayetazama mbwa aliyenyolewa.

Nilianza kueleza. Nilikuwa nimejiandaa, vifungu na tarehe. Hakunikatiza. Akaiinua kwa mkono wake mmoja, akalenga. Mtutu ukashuka. Akainua tena. Ile bastola ni nzito mbele, haikutengenezwa kushikwa hivyo. Mtutu ukashuka tena, risasi ikaingia ardhini hatua tatu kutoka viatu vyake. Akaiweka chini akakaa juu ya gogo.

Akauliza flaneli iko wapi.

Nikasema, kwenye mapipa.

Kisha akaniambia. Aliisajili tangu Aprili. Bibi Pritt, mkutubi wa mjini, alimsaidia kwenye kompyuta ya maktaba, baba akichapa kwa kidole kimoja siku tatu mfululizo. Alama za vidole alichukuliwa ofisi ya sherifu. Kwenye visanduku vitano vilivyobaki walimwandikia kwamba mkono haupo. Picha alipigwa huko huko maktaba, bila tai.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Ile mashua, yale maharage.

"Ningekwambia ungetaka kuihakiki," alisema. "Ungeihakiki mpaka ikaharibika."

Akainuka, akaniachia makopo niyaokote.

Jumatatu, 29 Mei

Siku ya kupamba makaburi. Kila mwaka tunakwenda pamoja kwa mama. Nilipotoka na maua baba alikuwa keshaondoka na Dewey, kwenye pikapu. Nilifika peke yangu. Maua yao yalikuwa yameshawekwa. Yangu nikayaweka pembeni, yasionekane kushindana.

Mapipa ya kanisa na mahakama: matupu. La shule: limefungwa kwa kufuli. La kituo cha mafuta nililipekua mpaka kiwiko. Nilipata kipande kimoja cha plastiki. Hakina kitambaa.

Jumanne, 30 Mei

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Morgantown, duka la bunduki. Nilieleza waziwazi, kwa uangalifu: nahitaji tegemeo la mkono kwa ajili ya silaha iliyosajiliwa kihalali, kwa matumizi ya mzazi mwenye ulemavu, nikiomba stakabadhi. Nilikuwa na daftari mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa akijaribu darubini akaiweka chini akatoka.

Muuzaji akanitazama viatu. Akasema, "Bosi, hapa hatuna kitu kama hicho. Vyote vilizama."

Ilinichukua mpaka nusu ya njia kuelewa. Mimi, ambaye nimewaogopa watu wa serikali wiki nzima, nimedhaniwa ni mmoja wao. Nililia kidogo kwenye maegesho ya duka la vyakula. Si kwa sababu hiyo.

Jumatano, 31 Mei

Siku ya mwisho. Tumezingatia sheria kikamilifu. Baba alikula chumbani.

Ijumaa, 2 Juni

Dewey aliingia bila kubisha. Hakufanya mzaha, nikajua ni jambo kubwa. Akaweka tegemeo juu ya meza, kuukuu, la kahawia. Alilitoa kwenye bastola yake mwenyewe, ile aliyoapa hataibadilisha hata jeshi zima lije. Nikaanza kumuuliza kuhusu hali ya usajili wake. Akasema, "Karani, funga mdomo. Mzee hajashika kijiko sawasawa tangu Jumapili."

Akaniambia baba alimsimulia mambo yote pale makaburini. Si kwa hasira. Alisema, "Mtoto ana woga, na woga ule aliupata siku ile ya kiwanda, alipokuja na mama yake kuniona hospitali akakuta sina mkono." Alisema tangu siku hiyo huyu mtoto anakagua kila kitu mara mbili ili kisipungue kingine.

Sikujua kwamba baba anajua.

Jumapili, 4 Juni

Naandika haraka, barua inasubiri.

Baada ya chakula baba alichukua makopo. Akatikisa kichwa kuelekea mlangoni, maana yake njoo. Nikabeba sanduku. Nilikuwa nimelifunga lile tegemeo la Dewey tangu jana, na ndani ya mkanda nikashona kipande cha shati langu, mshono mbaya lakini laini.

Nyuma ya ghala akaitoa bastola. Akaona kitambaa. Akakipapasa kwa kidole gumba. Kisha akaunyoosha mkono wake kwangu, kiganja juu, kama zamani, nimfungie.

Hapo ndipo nilipoona. Lile la Dewey limezidi la zamani kwa urefu. Kidogo sana, lakini fomu ya Aprili ina sehemu ya urefu wote wa silaha, na baba alipima na lile la kwanza. Nilikuwa na futi ya kupimia mfukoni. Nikasema baba subiri, sekunde moja tu. Nikapima. Nusu inchi. Nikapima tena kutoka upande mwingine. Nusu inchi ile ile.

Nilipoinua macho alikuwa bado amenyoosha mkono. Sijui ulikuwa umekaa pale muda gani. Akaushusha taratibu, akachukua bastola na makopo yake, akavuka uzio kwenda kwa Dewey.

Nasikia milio sasa. Moja, kisha kimya, kisha nyingine. Dirishani naona mtutu haushuki. Dewey anafunga vizuri.

Barua nimeiandikia Washington, kwa jina la baba, kukiri tofauti ya nusu inchi na kuomba mwongozo. Nakala tatu. Sahihi yake naiweza. Itaondoka kesho na posta ya asubuhi, kabla hajaamka. Sitamwambia, atakonda bure.