Viwavi Wenyeji na Malisho ya Bi Mpole

Ndugu Bwana Mifugo,

Pole na kazi. Kwa huzuni kubwa natangaza kuondokewa na nyasi zangu zote za upande wa zizi, zilizofariki baada ya kuugua wiki tatu. Zimemwacha ng'ombe mmoja, Bi Mpole.

Muuaji anajulikana. Ni viwavi, watoto wa wale nondo wa kahawia. Mchana wanalala vishimoni. Giza likiingia wanatoka, wanakata jani shinani na kulivuta ndani kama mtu anayevuta shuka. Ulipokuja ulichimba kwa kisu, ukatazama, ukasema: "Mzee, hawa ni wenyeji. Wamekukuta hapa? Wewe ndiye uliyewakuta." Ukapanda pikipiki yako, ukaenda. Basi nalalamika hivi:

1. Kama ni wenyeji, adabu ya mwenyeji iko wapi? Mwenyeji humwandalia mgeni chakula. Hawa wamekula cha mgeni, na Bi Mpole anatazama.

2. Malisho ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yako ng'ambo ya waya tu, na yamestawi kama picha ya pakiti ya mbegu. Kiwavi hakuna hata wa dawa! Waya wenyewe unapitisha mbuzi. Nashuku shemeji na viwavi wameelewana.

3. Mke wangu ametamka mbele ya ng'ombe mwenyewe: "Ijumaa ikifika hakuna nyasi, Bi Mpole anahamia kwa kaka. Nawe ukitaka maziwa, utapiga hodi." Bwana Mifugo, nipige hodi kwa yule? Mtu anayeanza kucheka kabla hujamaliza kusalimu?

4. Kwa hiyo naomba viwavi waandikishwe rasmi kuwa mifugo. Wachanjwe, wapigwe chapa (ndogo), wapewe mchungaji, na nusu yao wahamishiwe kwa shemeji kabla ya Ijumaa. Haki ni haki.

Nisalimie wote ofisini, hasa karani ambaye kila nikija huniambia umetoka, huku pikipiki yako imeegeshwa mlangoni. Nayo isalimie.

Wako mtiifu,
Mwenye Bi Mpole (hadi Ijumaa)

Tanbihi: Ukija, niletee balbu moja kubwa. Ile niliyofunga zizini msimu uliopita, kumulika malisho yote ili wezi waogope, haionekani tena kwa nondo wanavyoizonga, na mayai wanayadondosha chini kama mvua. Ningeazima kwa shemeji, ila kwake hakuna taa.