Barua ya Utambulisho ya Ugonjwa

Napenda kuutangazia umma kwamba Ofisi ya Uratibu wa Ajira kwa Wenye Maradhi ya Kudumu, yenye makao yake hapa Shinyanga mjini, ilitimiza miaka mitatu bila kumwajiri mgonjwa hata mmoja. Hayo yalikuwa mafanikio. Ofisi nyingine zingeajiri ovyo. Mimi, Sostenes Masele, wakati huo Mkuu wa Kitengo cha Uthibitisho, ndiye niliyebuni utaratibu uliotufikisha hapo.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Katika nchi hii huwezi kumdhamini ndugu polisi wala kuomba kazi bila barua ya mtendaji wa kijiji. Nikajiuliza, kwa nini ugonjwa uachwe utembee bila barua? Cheti cha daktari kinasema ugonjwa upo. Hakisemi unakaa wapi, unafahamika na nani, na tabia yake ikoje. Kwa hiyo kila mwombaji alitakiwa kuleta barua ya kuutambulisha ugonjwa wake, yenye muhuri. Watendaji wengi waligoma, wakidai hawawezi kumtambulisha mtu ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa kijiji. Faili zetu zikabaki safi.

Ndipo akaja Asteria Pantaleo wa Runzewe, mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na ugonjwa wa damu wa selimundu, wa kuzaliwa nao. Alikuwa anaomba ukarani wa masjala. Alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, akaniuliza kama kazi hiyo ina bima. Dawa anameza kila siku, alisema, na akizikosa mifupa inamuuma mpaka analazwa. Baba yake hana tena ng'ombe wa kuuza.

Kisha akatoa barua. Mtendaji wake, nadhani alikuwa na haraka ya kwenda mnadani, alikuwa ameandika: "Namtambulisha kwako Selimundu, mkazi halali wa kijiji changu tangu mwaka 1999. Namfahamu vizuri. Hana kesi, ila ni msumbufu wakati wa baridi. Apewe ushirikiano." Muhuri ulikuwa umekolea.

Nilishtuka, lakini mimi si wa jana. Nikamwambia anaonekana mzima kabisa, na nafasi hizi ni za wagonjwa. Arudi siku anaumwa. Baada ya wiki tatu akarudi, ameshikwa mkono na mama yake, Paskazia, macho ya njano, kila hatua anauma meno. Nilimwonea huruma, kweli. Nikamwambia kwa hali hiyo kazi hataiweza, arudi akipona.

"Baba, huu hauponi," alisema taratibu. "Sasa nije siku gani?"

"Siku unayoumwa kiasi."

Mama yake akaketi kwenye benchi, akasema hawaondoki mpaka kiasi hicho kiandikwe kwenye karatasi. Nikawajulisha kwamba kamati itakaa.

Kabla haijakaa, saa nne asubuhi hiyohiyo, wakashuka wakaguzi kutoka Dodoma wakiongozwa na Bi. Vaileth Mabula, mama mpole anayetisha. Akauliza tuna watumishi wangapi wenye maradhi ya kudumu. Mkurugenzi wetu, Eustace Maganga, akajibu kwa fahari kwamba hatuna hata mmoja. Bi. Vaileth akasoma waraka: ofisi isiyo na hata mmoja inafungwa siku hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipouona uzalendo. Mkurugenzi, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akimezea vidonge vyake vya presha chooni, alinyoosha mkono. Mhasibu akatangaza gauti. Dereva akataja pumu. Mimi nikasimama nikakiri sukari ya miaka tisa, ambayo hata mke wangu nilikuwa nimemficha. Ghafla tulikuwa wagonjwa kuliko wodi nzima.

"Vizuri sana," alisema Bi. Vaileth. "Barua za watendaji ziko wapi?"

Utaratibu ulikuwa umebandikwa ukutani, na saini yangu chini yake. Aliyekuwa na barua ni mmoja tu, na alikuwa benchini. Kufikia saa sita tulikuwa tumesimamishwa kazi kwa kosa la kuugua bila utambulisho, na Asteria akateuliwa kukaimu ukurugenzi, kwa kuwa ndiye mgonjwa pekee aliyetambulika kisheria.

Nikaenda kwetu Songwa kuomba barua. Mtendaji akasema sukari hiyo haifahamu, huenda niliipatia mjini kwenye semina. Nilimbembeleza mwezi mzima. Bima yangu ilikuwa imekatwa, dawa zikaisha, miguu ikaanza kufa ganzi. Hapa naomba niweke urasimu pembeni: niliogopa sana.

Juzi nimerudi ofisini na barua yangu. Ukutani hapakuwa na kitu. Asteria aliniamkia, akanivutia kiti, wala barua hakuifungua. Akanieleza kwa heshima zote kwamba Kitengo cha Uthibitisho kimefutwa, maana cheti cha daktari sasa kinatosha. Imebaki nafasi moja ya getini, kukaa na kuandika majina ya wanaoingia.

Mfukoni nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili kuhusu hadhi ya mtumishi mwandamizi. Sikuitoa.

"Mwanangu," nilimwambia, "hiyo ya getini ina bima?"