Mbuzi wa Njambi Yuko Ruiru

Jumatatu, 3 Machi 1958. Thika
Binti yangu Njambi amenitemea uji sasa hivi, halafu akacheka. Simlaumu. Amezoea maziwa ya mbuzi wake. Ijumaa Bwana Afya na Chifu walikuja, wakasema mjini hakufugwi mbuzi, wakampeleka boma la serikali kule Ruiru. Nitawashtaki wote wawili! Bila wakili. Nilifika darasa la nne.

Jumatano, 5 Machi
Nimefika kortini. Karani akauliza mdai ni nani. Nikasema mwenye mbuzi, Njambi. Si uongo. Mamake Wainaina, mume wangu, alimpa mbuzi huyo siku mtoto alipochukua jina lake. Kwetu mtoto akibeba jina la nyanya, ndiye nyanya. Wainaina mwenyewe humwita mama. Karani hakuuliza umri, nami sikuona haja. Jirani yangu Mbula amesema serikali haishtakiwi na mtu wa kuazima chumvi. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda Ruiru kumwona mbuzi. Amenenepa. Askari anamkamua kwa chai yake, akamsifu kwa utulivu. Nikaumia. Nikaona fahari pia.

Jumatatu, 10 Machi
Korti! Njambi kavaa kofia ya sufu. Alipoitwa nikamsimamisha juu ya benchi. Hakimu akauliza mdai ana miaka mingapi. Nikasema miwili, lakini kwa heshima sitini na kitu. Chifu alicheka kuliko wote, ilhali naye humwita binti yake mama. Hakimu akasema polepole, kama anaongea na mgonjwa: "Mama, mtoto wa miaka miwili hawezi kusimama hapa kuishtaki serikali. Kesi imetupwa."
Njambi akampungia mkono. Hakimu naye akapunga. Nadhani tulikuwa karibu kushinda.

Jumanne, 11 Machi
Mbula kaleta kikombe cha maziwa ya Njambi. Anataka kunishinda kwa wema. Chifu naye katuma habari: mbuzi ataachiliwa leo hii, mradi akae kijijini kwa nyanya. Wainaina anasema tukubali, maziwa tutaletewa.
Mbuzi angoje kidogo. Kosa nimeliona: mdai alikuwa mdogo mno. Safari hii mdai ni babake Wainaina, Mzee Kagwe. Huyo hakuna wa kumwita mtoto. Ni kweli alikufa zamani, lakini huyu aliye tumboni akiwa wa kiume atabeba jina lake, kwa hiyo yupo, tena kortini nitakuwa naye. Nimeshaanza kuandika: Mimi, Kagwe, mzee wa miaka themanini, namshtaki Chifu, Bwana Afya, hakimu, na yule askari wa chai, kwa sababu

Mbula ananiita, ati Njambi ameingia kwenye pipa la