Supu ya Majongoo

Jumatatu, 9 Februari
Safari hii Zuwena kwisha! Jumamosi kikundi chetu cha wafugaji kinapima majongoo bahari. Mwenye jongoo mzito kuliko wote ndiye msimamizi wa vizimba vyote vya Ushongo. Miaka miwili mfululizo ni Zuwena, jirani yangu wa kizimba. Basi. Leo kwenye semina mtaalamu, Bi Loveness, kaeleza kwamba jongoo hali kwa mdomo tu, hata ngozi yake inakula. Kila seli ina utando, utando una vilango, na amino asidi, yaani vijenzi vya protini, zilizoyeyuka majini hupenya humo zikiongozana na chumvi. Nikauliza hizo amino asidi zinatoka wapi. Akasema kwenye nyama, kwenye samaki. Yaani supu! Alikuwa bado anaongea, lakini mimi nilishaondoka kutafuta sufuria.

Jumanne, 10 Februari
Supu ya dagaa, lita ishirini. Nimeongeza pakiti tatu za chumvi, maana chumvi ndiyo bawabu. Mke wangu Khairat kauliza kama bahari imeishiwa chumvi. Hakuhudhuria semina, namsamehe. Maji yalipopungua nikamwaga yote kizimbani. Zuwena kaniangalia tu, anachokorachokora matope yake. Masikini!

Alhamisi, 12 Februari
Majongoo sijui, ila kaa wameshiba. Kaa wote wa Pangani wameitika mwaliko! Wavu wameukata, tena upande wa Zuwena. Majongoo wangu kumi na wanne hawaonekani. Zuwena anasema wake wameongezeka, Mungu hamtupi mja wake. Nimekasirika!

Jumamosi, 14 Februari
Jongoo mzito ni wa Zuwena. Wake! Yule namjua, ana kovu mgongoni, nimemlea tangu yuko kama kidole. Nikasema hivyo mbele ya kikundi kizima. Zuwena hata sauti hakupandisha.
"Kama wako, Haji, mwite akuitikie."
Wamecheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Loveness kanieleza taratibu kwamba ngozi huambulia kidogo tu, shibe ya jongoo ni matope. Angesema Jumatatu! Kumbe alisema. Nimeona haya sana. Kofia nilishaiandika MSIMAMIZI.

Jumatatu, 16 Februari
Nimetulia, nimefikiri. Kosa ni la kaa, si la elimu. Ngozi inakula, na mimi nina ngozi kubwa kuliko jongoo yeyote. Ramadhani inaanza wiki hii. Nimemuuliza Ustadhi Masoud kama kuoga mchana kunabatilisha saumu. Kasema hapana, ilimradi maji nisiyameze. Nimemshukuru sana. Supu sikuitaja.

Khairat anatafuta beseni lake la kufulia.