Ombi la Kuandikwa Mwanamume, Angalau Siku za Kazi

Crickwold Hall,
Herefordshire.

Kwa Mtunza Orodha ya Vyeo vya Kurithi,
London.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu haikusumbui, maana nasikia ofisi yenu ina baridi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baba yangu, Sir Barnaby Pendlecombe, baroneti wa tisa, yaani wa tisa wetu kurithi cheo cha kuitwa "Sir", aliyefariki mwezi wa Machi. Ameacha mabinti watupu. Na kwa kuwa sheria yenu humpa cheo mwanamume tu, u-Sir wetu, pamoja na shamba linaloufuata, umeruka ukuta, ukavuka bahari, ukamwangukia binamu Desmond, muuza mafriji wa Perth, Australia. Nina malalamiko, nayo nayapanga kwa adabu.

1. Mimi ndiye niliyebaki Crickwold. Nimeziba paa, nimezalisha ng'ombe, nimemlisha baba uji kwa kijiko. Siku zake za mwisho aliniambia, "Thirza, ungekuwa mvulana ningekufa kwa raha." Nikamjibu, "Kufa tu, Baba, ng'ombe hawajali." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilipotoka nje sikucheka sana.

2. Desmond alikuja mazishini. Kijiji kizima kikamwita "Sir", na kasisi akamketisha kwenye benchi letu la mbele kanisani. Mimi nikasogezwa nyuma ya nguzo. Baadaye nikamwonyesha Hannibal, fahali wetu. Akamtazama kwa heshima kubwa, kisha akaniuliza, "Dada, huyu anakamuliwa saa ngapi?" Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Kwa bahati mbaya ana adabu: akangoja ruhusa ya fahali.

3. Tafadhali usiniambie kwamba cheo kinalinda damu bora. Sir Ambrose, wa kwanza wetu, alikuwa mfanyabiashara wa sufu. Mfalme aliishiwa, akawa anauza vyeo, naye akajinunulia kimoja kama mtu anunuavyo kofia. Sir Lionel wa nne alipoteza msitu wetu wa kulungu kwa kuwekea dau mbio za mabata bukini. Sir Percival wa saba alijifungia chumbani miaka na miaka akimwogopa mpishi. Wote walikuwa wanaume, hilo silikatai, na ndiyo sifa yao pekee iliyothibitishwa.

4. Basi ikiwa kinachotakiwa ni uanaume tu, Hannibal anao kuliko ukoo mzima. Amezaliwa hapa hapa, ndani ya ndoa kadiri ng'ombe awezavyo, na nasaba yake ni safi kuliko yetu, ambamo kuna bibi mmoja hatumtaji mbele ya wageni.

5. Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: niandikwe mwanamume, angalau Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na Jumapili asubuhi kwa ajili ya benchi, au Hannibal atawazwe baroneti wa kumi, nami niwe mlezi wake. Yote mawili yakiwa mazito kwenu, badilisheni sheria yenyewe: mtoto wa kike arithi sawa na wa kiume. Mwanamke si mgeni katika nyumba ya babaye!

Nasubiri jibu nikiwa nimeshavaa suruali. Nisalimie mkeo, wanao, makarani wako wote, na yule bawabu aliyenifukuza mlangoni kwa upole mwezi uliopita.

Wako katika haki na samadi,
Thirza Pendlecombe

Nyongeza: Nilipokuwa nalamba stempu, simu ikalia. Ni dada yangu Augusta, mkubwa wangu, aliyehamia Kanada zamani kwa kuchukia harufu ya zizi. "Thirza mpenzi, nasikia unatupigania wanawake. Hongera! Nimeshafunga mizigo. Mkubwa wa kurithi si mimi? Hao ng'ombe tutawauza wote, pale tuweke uwanja wa gofu."

Mheshimiwa, babu zetu hawakuwa wajinga. Naituma barua hii hivyo hivyo ili ujue vizuri unachotakiwa kukataa. Mungu amweke Sir Desmond, na amjalie watoto wa kiume watupu.